Barua ya wazi kwa vijana mliohitimu ufundi: ugonjwa kwanza, spana baadaye

Wajukuu zangu,

Marahaba kwa wote mlioniamkia Jumamosi ile. Wengine sikuwajibu kwa sababu sikuwasikia, na uzee haukuwa sababu pekee. Nilialikwa kwenye mahafali yenu niseme maneno mawili matatu kama fundi mstaafu wa karakana ya reli. Nikavaa koti, nikasogezwa mbele, nikasema "Ndugu mgeni rasmi," spika ikakata. Ikarudi. Nikasema tena, ikakata. Wakaja vijana watatu ndani ya majoho, wote wana vyeti vya umeme. Wa kwanza akabadilisha maiki. Ikakata. Wa pili akabadilisha waya wa maiki. Ikakata. Wa tatu akakimbia kanisa la jirani, akaazima amplifaya nzima, akaifunga huku jasho linamchuruzika. Nikasema "Ndugu mgeni rasmi," ikakata. Mshereheshaji akaona pilau inapoa, akatangaza kwa mdomo kwamba mzee atazungumza siku nyingine.

Siku nyingine ndiyo hii. Hotuba niliyokuwa nimeandika ilihusu nidhamu na kujituma, mambo mliyokwisha kuyasikia mpaka yamewachosha. Nimeichana. Nataka kusema juu ya nilichokiona pale mbele: vitu vitatu vimebadilishwa, dalili imebaki ile ile, na hakuna aliyesimama akajiuliza hilo lina maana gani.

Sisi mafundi tunaliita jambo hili "ugonjwa". Gari ina ugonjwa gani? Umeupata ugonjwa? Neno tumeliazima hospitali, lakini hospitali nao waliwahi kuazima kwetu. Mwaka 1761, mjini Vienna, daktari Leopold Auenbrugger alichapisha kitabu kidogo kuhusu kumgonga mgonjwa kifuani kwa vidole na kusikiliza mlio. Penye hewa pana mlio wake, penye maji pana wa kwake. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni kule Graz, na husimuliwa kwamba mtoto alijifunza kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamebaki na kiasi gani. Madaktari wenzake wengi hawakumjali. Ikapita karibu miaka hamsini ndipo Corvisart, daktari wa Napoleon, alipokitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1808, na leo kugonga kifua hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa udaktari.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Mwalimu wangu wa kwanza karakanani alitembea na nyundo ya mpini mrefu, behewa kwa behewa, akigonga magurudumu. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linajibu kama chungu kibovu, linazima papo hapo. Mama anayenunua chungu sokoni naye anagonga hivyo hivyo kabla hajatoa pesa, na wala hakwenda chuo.

Sasa niwape aibu yangu, maana mzee anayetoa ushauri bila aibu yake anawapigia porojo.

Jioni, baada ya kazi, nilikuwa natengeneza magari mtaani. Siku moja ikaletwa pikapu, Peugeot 504 ya kubebea nyanya. Inachemsha. Kabla mwenyewe hajamaliza kusema, mimi nilikuwa nimeshajua: gasketi. Nikafungua kichwa cha injini, nikakipeleka kikasawazishwa, nikaweka gasketi mpya, gari ikaondoka. Siku ya nne ikarudi na mvuke. Nikailaumu gasketi kuwa feki, nikafungua tena, nikaweka nyingine. Ikarudi.

Utingo wake alikuwa amekaa juu ya tairi anakula muhogo. Akaniambia, "Fundi, hii gari ikisimama inanguruma, hata saa nzima, haichemshi. Mjini haichemshi. Mlima wa Kitonga inachemsha, sawa, kule kila gari inachemsha. Lakini hii hata Mikumi kwenye tambarare, dereva akikanyaga tu mshale unapanda. Akiachia, unashuka."

Maneno hayo alikuwa ameyasema tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nafungua bolti.

Nikamwambia aingie apige resi, nami nikainama kuangalia. Paipu ya chini ya rejeta, ile inayopeleka maji kwenye pampu, ikanywea kama shavu la mtoto anayenyonya mrija. Mpira ulikuwa umelainika kwa uzee, na springi ya ndani inayouzuia usinywee imekwisha. Injini ikienda mbio, pampu inavuta kwa nguvu, paipu inajifunga, maji hayapiti. Ukiachia mafuta inafunguka, na ukiitazama ni paipu nzima kabisa. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wangu mara mbili na kuipitisha, injini ikiwa imezimwa.

Mwenye gari nilimrudishia pesa ya gasketi ya pili. Ya kwanza sikuirudisha, na mpaka leo inanisuta.

Kudhani gasketi hakukuwa kosa. Fundi asiyedhania hawezi hata kuanza. Nilikosea pale niliposhindwa kujiuliza: kama si gasketi, ni nini kingine kinachoweza kuichemsha gari hii, na ni jaribio gani dogo litakaloniumbua mapema? Kupiga resi kulikuwa bure. Kufungua kichwa cha injini kulimgharimu yule bwana tenga kwa tenga za nyanya. Tangu hapo kila nikidhani jambo, kwanza natafuta njia rahisi ya kujionyesha kwamba nimekosea. Nikishindwa kujiumbua, ndipo nachukua spana.

Bibi yenu ni mshonaji, na yeye alilijua hili kabla yangu. Wanamletea cherehani, nyuzi zimejikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Karibu kila aliyeileta ameshahangaika na bobini, kalegeza skrubu yake, kaikaza, kanunua nyingine. Bibi yenu haigusi bobini. Anachomoa uzi wa juu, anainua mguu wa cherehani, anautunga upya taratibu mpaka ukae vizuri kati ya vile visahani vinavyoubana. Anashona. Safi. Vurugu inaonekana chini, chanzo kiko juu. Nilipomweleza habari ya Peugeot alinitazama kwa huruma nisiyoipenda.

Mtasema: babu, siku hizi kuna mashine ya kupima. Ipo, na ni nzuri, ningeipata wakati wangu ningelala nayo. Lakini nimeona inavyotumika. Taa ya cheki injini imewaka, kijana anachomeka mashine, inatoa P0171. Maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Dakika tano baadaye anamtuma mteja akanunue oksijeni sensa, kwa kuwa ndiyo iliyotoa taarifa. Aliyeleta taarifa ya msiba ndiye anayezikwa! Huenda kuna paipu ya hewa imepasuka baada ya sensa ya hewa. Huenda sensa hiyo ya hewa ina vumbi tu, inataka kusafishwa. Huenda pampu ya mafuta imechoka au filta imeziba. Mashine imekuambia injini inalalamika nini. Anayeisumbua utamtafuta mwenyewe, kwa masikio, kwa mita, kwa kupulizia kidogo kwenye maungio na kusikiliza kama mngurumo unabadilika.

Na msidhani ni sisi wa grisi peke yetu. Watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa na homa ya malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine chikungunya, wengine homa ya mgunda, ile ile iliyotushtua tuliposikia habari za Lindi mwaka 2022 tukadhani ni ugonjwa mgeni. Haukuwa mgeni. Ulikuwa unaishi ndani ya neno "malaria". Moshi ina malaria kidogo kuliko sehemu nyingi za nchi, ni kweli, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 likahimiza kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Lakini angalieni jinsi akili inavyofanya kazi: homa, basi malaria; kuchemsha, basi gasketi; spika imekata, basi maiki. Daktari na fundi wanateleza kwenye ganda moja la ndizi.

Mwalimu pia. Mtoto anaitwa mzito mwaka mzima, kumbe anakaa nyuma na haoni ubao.

Wakulima wana yao, mbaya zaidi, kwa sababu mmea hauongei. Kuna ugonjwa wa mihogo wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi kule Amani, Tanga, mwaka 1936. Batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, unaiona kwenye majani ukiwa umesimama barabarani. Huu wa michirizi unaweza kukuachia majani yasiyokutisha hata kidogo, ukang'oa baada ya mwaka ukakuta mizizi imeoza ndani, kahawia na ngumu kama gamba. Bwana shamba anayejua kazi hatoi jibu akiwa juu ya pikipiki. Anang'oa shina, anakata muhogo vipande, anatazama.

Hapa kwetu Morogoro, pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamefundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa kama dakika ishirini. Watu husifia pua ya panya, na inastahili. Mimi nilichokipenda ni kwamba panya akikwaruza kuonyesha "hapa", sampuli ile inapelekwa maabara ihakikishwe. Panya anadokeza tu. Mafundi wangapi mnawafahamu wanaokubali kuhakikiwa kama panya?

Sasa pesa, maana najua ndiyo inayowapotosha wengi, wala si ujinga.

Mteja wa kwetu hapendi kulipia kuangalia. "Nikulipe kwa kuangalia tu?" Mtu huyo huyo akienda hospitali analipa pesa ya kumwona daktari kabla hajaguswa, analipa vipimo, hanung'uniki. Kwako anataka aone kitu kimetolewa na kingine kimewekwa, ndipo moyo wake ukubali kwamba kazi imefanyika. Nawe una njaa, una kodi ya fremu. Kwa hiyo unaificha pesa ya akili yako ndani ya bei ya spea. Mwanzo unafanya hivyo kwa haki, kwa sababu umetumia saa mbili kutafuta. Baadaye unazoea. Siku ugonjwa ni waya uliolegea tu, usiohitaji spea yoyote, unakuta huna pa kuificha pesa yako, unauza spea isiyohitajika. Hapo umeshakuwa mwizi, na hukumbuki ulianza lini.

Wahudumu wa afya wananiambia kwao ni vilevile kwa upande wa pili: mgonjwa amepimwa, hana malaria, anaondoka akilalamika "nimepewa panadol tu", anapita duka la dawa ananunua za malaria kwa pesa yake.

Nilichofanya mimi, baada ya Peugeot, ni kusema bei ya kupima kabla sijafungua boneti. Nilikuwa namwambia mteja: utanilipa hiki kwa kutafuta ugonjwa, ukinipa kazi nitakikata kwenye ufundi, ukienda kwa mwingine nenda na jibu langu bure. Na kila kilichotolewa nilikifunga kwenye gazeti nikampa mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliwapoteza wengi. Waliobaki walileta ndugu zao. Sitawadanganya kwamba nilitajirika, mnaifahamu nyumba yangu.

Na mkikosea, semeni "nimekosea" mapema, mteja akiwa bado ana nauli.

Nimalize habari ya spika. Nilipokuwa nanawa mikono nilimuuliza binti aliyekuwa akihudumia chai kama alikuwepo muda wote. Alikuwepo. Akaniambia spika ilikuwa inakata kila alipowasha birika la umeme, kwa sababu vyote vilitoka kwenye ekstensheni moja, ile nyembamba nyeupe iliyovutwa kutoka ofisini, na waya wake ulikuwa wa moto kiasi kwamba aliusogeza kwa kanga asiungue. Birika likichemka na kujizima, spika inarudi. Anamimina chai, anajaza maji mengine, anawasha.

Nikamuuliza mbona hakuwaambia wale vijana.

"Nilianza kusema, babu," akanijibu, "yule mmoja akaniambia nipishe, nimekanyaga waya wa maiki."

Aliyeazima amplifaya ya kanisa airudishe, niliiona Jumanne bado ipo chini ya ngazi. Na anayetaka kuja kuniuliza lolote, nipo nyumbani kuanzia saa kumi jioni. Msije na soda, bibi yenu amenikataza sukari.

Ni mimi babu yenu,
fundi mstaafu, Morogoro