Salamu za Krismasi kwa watu wa sindano na uzi

Wapendwa mama zangu na dada zangu, nanyi kaka zetu mnaoshika sindano, heri ya Krismasi. Naamini salamu hizi zinawakuta wazima. Kama kuna anayeuguza nyumbani, Mungu amnyanyue mgonjwa wake kabla mwaka haujageuka. Na kama kuna aliyefiwa mwaka huu, ajue tunamkumbuka, na kwamba kuna sehemu ya salamu hizi nimemwandikia yeye hasa.

Kila mwezi wa kumi na mbili huwa nafungua sanduku langu la vipande. Mna mabaki ya mashati, pembe za mapazia, na pindo la gauni lililokatwa likabaki refu kama utepe. Navipanga kwa rangi, navirudisha, nafunga. Mwaka huu sikufunga haraka. Nilikuwa nimeketi navyo sakafuni nikawakumbuka akina mama wa Kaunti ya Wilcox, jimbo la Alabama, Marekani, kwa sababu Desemba hii ya 2025 imetimia miaka 60 tangu chama chao cha washona kwilti kianze kuchipua. Habari zao ndizo zawadi yangu kwenu.

Kwa aliye mgeni wa kazi hii, kwilti ni blanketi la tabaka tatu: juu uso wa viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa cha kushikilia. Tabaka zote hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo ili pamba isijikusanye upande mmoja. Viraka mtu aweza kuviunga peke yake, usiku, mapajani. Lakini kushona tabaka kunataka watu. Kwilti hutandazwa kwenye fremu ya mbao, wanawake wakakaa kuizunguka, kila mmoja na subana kidoleni, na mikono ikaanza kusogea kuelekea katikati. Anayejua kukaa kwenye fremu anajua pia mazungumzo yanayotoka pale, na nyimbo, na sala.

Sasa mahali penyewe. Mto Alabama ukipita Wilcox unajikunja, unazunguka kipande cha ardhi pande tatu. Panaitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee, aliyefungua shamba la pamba pale mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likaingia mikononi mwa Mark Pettway, na watumwa wake wakaletwa kutoka North Carolina, safari ya mamia ya kilomita, wengi wao kwa miguu. Utumwa ulipofutwa, watu wakabaki palepale, wakilima pamba ileile, na jina la bwana wakabaki nalo. Hata leo ukisimama pale ukaita Pettway, watageuka wengi.

Kwilti ilikuwa na msimu wake. Wakati wa joto shamba lilidai kila mkono. Pamba ikishavunwa na baridi kuingia, fremu zikatolewa. Nyumba zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa, kuta zimebandikwa magazeti kuzuia upepo, na watoto walilala wamerundikiwa kwilti juu ya kwilti. Mishono ya Desemba ndiyo iliyokuwa usingizi wa Januari. Malighafi ilikuwa nguo za kazi zilizochakaa, magunia ya unga, na ovaroli zilizopauka magotini.

Mwaka 1932, kuelekea baridi, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha wakulima hao alifariki, na mjane wake akadai madeni yote kwa mkupuo. Wakaja watu wake, wakabeba mahindi ghalani, mifugo, mikokoteni na zana za shamba. Watu walivuka msimu ule kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Najiuliza Krismasi ya mwaka ule ilikuwaje ndani ya nyumba zile, na nadhani kila aliyewahi kuingia sikukuu akiwa mikono mitupu anaweza kulijibu swali hilo kuliko mimi.

Na hapa ndipo ninapozungumza na mfiwa. Mwaka 1942 mama mmoja wa Gee's Bend, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za kazi, suruali na mashati aliyovaa shambani, akamwita binti yake Arlonzia wakazichana na kuziunga. Alitaka kwilti ya kumkumbuka, ajifunike kwa mapenzi. Leo iko katika mkusanyiko wa jumba la makumbusho. Ukiitazama huoni ustadi wa kujionyesha. Unaona kitambaa kilichopauka jua na madoa ya kazi, na mahali palipobaki na rangi yake ya zamani. Mpendwa uliyefiwa, kama bado hujajua la kufanya na nguo zilizoachwa kabatini, hakuna haraka. Ila ujue kwamba kuna mtu alizipa kazi nyingine.

Mpaka hapo nimesimulia wanawake walioshona kwa ajili ya nyumba zao. Chama kilizaliwa na jambo jingine, nalo ni kura.

Mwanzoni mwa 1965 Wilcox haikuwa na Mweusi hata mmoja katika daftari la wapiga kura, ingawa Weusi ndio waliokuwa wengi. Waliokwenda kujiandikisha walivuka mto kwa kivuko hadi Camden, makao ya kaunti. Kivuko kikasimamishwa mwaka 1962, na safari ya dakika chache majini ikawa mwendo wa saa nzima barabarani. Februari 1965 Martin Luther King akafika Gee's Bend kuwahutubia, usiku, mvua ikinyesha. Watu wakaandamana, wakaandikishwa, na kwa sababu hiyo familia zikafukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakilima kwa kugawana mavuno. Mtu alipoteza nyumba na kazi kwa siku moja kwa sababu ya sahihi yake.

Desemba mwaka huohuo kasisi mmoja wa Kanisa la Episkopali, Francis Walter, alikuwa akizunguka Wilcox akiandika taarifa za waliofukuzwa. Akapotea njia. Mbele ya nyumba moja akaona kwilti zimeanikwa kwenye kamba, rangi zake zinapiga kelele katika mandhari ya kijivu ya baridi. Akashuka garini aulize. Mama mwenye nyumba alipoona mzungu asiyemjua anakuja kwake, alikimbilia msituni.

Mimi hapo husimama kila mara ninapokisimulia kisa hiki. Watu wengi husimulia kisa hiki wakikazia jicho la kasisi, jinsi alivyotambua uzuri. Mimi namwona zaidi yule mama akiwa kati ya miti, ameacha kwilti zake kambani, anasubiri gari liondoke. Katika mwaka kama ule hofu yake ilikuwa na sababu zote. Na kasisi alirudi siku nyingine akiwa na mtu wa kumtambulisha, jambo ambalo ndilo alilopaswa kufanya.

Walter akapata fedha kidogo, akaanza kununua kwilti kwa dola 10 kila moja ili zikapigwe mnada New York. Machi 1966 zikauzwa, na mwezi huohuo washonaji wa Wilcox wakaunda ushirika wao: Freedom Quilting Bee. Neno hilo la mwisho kwao ni mkusanyiko wa majirani wanaokuja kusaidiana kazi, kwa hiyo kwa lugha yetu tungeuita Ujima wa Washona Kwilti wa Uhuru. Minder Coleman akawa mwenyekiti. Estelle Witherspoon akawa meneja, na kazi ya mwanzo ikafanyika nyumbani kwake.

Bi Estelle ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika simulizi hii. Mtu anaweza kushona vizuri maisha yake yote asijue kuendesha chama. Kuna kupokea oda, kukata kwa kipimo, kugawa vitambaa, kukagua mishono, kufunga mizigo, kuandika hesabu, na kumweleza jirani yako wa tangu utotoni kwamba kazi yake haijafikia kiwango na irudiwe. Alifanya hayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Aprili 1968 King alipouawa, nyumbu (wale wanaozaliwa na punda na farasi) waliovuta mkokoteni uliobeba jeneza lake Atlanta walitoka Gee's Bend. Mwaka uliofuata chama kikafungua jengo lake, kikalipa jina la King. Kilikuwa kimenunua ekari 23 za ardhi, na katika ardhi hiyo viwanja vinane vikauzwa kwa familia zilizokuwa zimefukuzwa kwa ajili ya kura. Hebu tulitafakari hilo kidogo. Vipande vya ovaroli kuukuu vilishonwa, vikauzwa, na fedha yake ikawa udongo ambao hakuna mwenye shamba angeweza kumtoa mtu juu yake. Baadaye kikaongezwa kituo cha kulelea watoto wakati mama zao wako kazini.

Maduka makubwa yakaja, Bloomingdale's la New York likiwa miongoni mwa ya mwanzo, na mwaka 1972 kampuni ya Sears ikawapa kandarasi ya kushona foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Foronya ya mia ilitakiwa ifanane na ya kwanza. Rangi zilikuwa nne: dhahabu, kijani cha jani la parachichi, chenza, na nyekundu ya cheri.

Wapo wanaosikitika wakifika hapa. Husema wanawake wenye vipaji vile walifungwa kwenye foronya, wakashona kitu kimoja kama mashine. Nimelifikiria neno hilo sana na sikubaliani nalo. Foronya zilileta mshahara wa uhakika kwa wanawake ambao kabla yake walikuwa wakichuma pamba za watu. Tena kilichotokea kwenye mabaki ndicho kinachonifurahisha zaidi katika habari hii yote. Vipande vya kodrai vilivyobaki mezani baada ya kukata, wanawake walivibeba nyumbani. Jioni, nje ya kipimo cha kampuni, wakaviunga kwa kichwa chao wenyewe. Kodrai ni nzito, haikubali viraka vidogo wala kona kali, kwa hiyo vipande vikawa vikubwa, mistari mipana, rangi ya chenza imekaa bega kwa bega na ile ya parachichi bila kuombana radhi. Baadhi ya kwilti zinazosifiwa leo duniani zilizaliwa kwenye mabaki ya oda ile.

Sifa zenyewe zilichelewa. Mwaka 2002 kwilti za Gee's Bend zilioneshwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na watu wakapanga foleni. Mwaka 2006 idara ya posta ya Marekani ikatoa stempu kumi zenye picha za kwilti hizo. Mwaka huohuo kivuko kikarudi mtoni, miaka 44 tangu kisimamishwe. Wanawake waliokizoea wakiwa wasichana walikipanda tena wakiwa bibi.

Chama hakikuwahi kuwa tajiri. Oda zilipungua, macho yakachoka, waanzilishi wakaanza kutangulia mmoja mmoja, na mwaka 2012 kikafungwa. Sioni aibu yoyote katika kufungwa huko. Kilikaa miaka 46, na zile familia zilikuwa zimeshapata pa kujenga. Ushonaji wenyewe haujakoma: Gee's Bend bado wanashona, mabinti na wajukuu wakiwemo.

Ndiyo maana mwaka huu nilikaa muda mrefu na sanduku langu. Nilizoea kuona Desemba kama mwezi wa kumaliza: kumaliza oda, kumaliza madeni, kumaliza mwaka. Kwa akina mama wa Wilcox ulikuwa mwezi wa kutoa fremu. Shamba limelala, nje kuna baridi, basi vuteni viti. Ninatamani tuupokee hivyo na sisi. Wengine mmemaliza mwaka mkiwa mmechoka kwa sare na foronya za watu, kazi ileile asubuhi hadi jioni, na mmeniambia mnaona aibu kwamba hamjashona kitu chenu kwa muda mrefu. Msione aibu. Kazi hiyo imelipa ada na kodi. Lakini msiyafagie mabaki.

Nawashukuru kwa mwaka mzima: kwa mliofundisha wapya kupiga bandi bila kuwagombeza, kwa mliotembelea wagonjwa, kwa aliyekaa na daftari la michango na kutusomea hesabu sawasawa kila mwezi hata pale tulipokuwa hatusikilizi. Waliotutoka tunawaombea pumziko la amani, na mishono yao tunayo.

Kwenu nyote na watoto wenu, Krismasi yenye amani na heri ya Mwaka Mpya wa 2026. Tukikutana Januari, kila mmoja aje na vipande vyake alivyokuwa akifikiri ni vidogo mno. Fremu nitakuwa nimeshaitandaza.