Kimemo cha tatu

Iringa, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Kamwene. Huku sakitu imeunguza viazi vya watu, nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi.

Uliniuliza kwenye simu kama nimeizoea kazi hii ya uafisa elimu. Sikukujibu, ofisi ilikuwa imejaa watu. Kazi yenyewe naipenda, dada. Kinachoninyima usingizi ni vimemo vya wakubwa.

Kuna shule ya msingi juu kabisa mlimani, madarasa saba, walimu wanne. Hisabati ya darasa la saba inamtegemea binti mmoja. Wiki hii nimeletewa kimemo cha tatu kikitaka ahamishiwe mjini, na wote walioviandika ni watu ambao kwa cheo changu siwezi kuwaambia wasubiri. Wakati huohuo diwani wa kata ileile alisimama barazani, akataja idadi ya watoto waliofeli, akauliza mbele ya wote mshahara naulia nini. Nilisimama nikajibu. Nilipokaa, mikono ilikuwa inatetemeka.

Ajira za walimu haziko mkononi mwangu, barua ya uhamisho anasaini mkurugenzi, lakini lawama zinajua mlango wangu. Hata chakula cha mchana. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016, mwalimu mkuu akiomba debe la mahindi tu, mzazi anapiga simu kwa wakubwa kwamba tunachangisha kinyemela. Na ruzuku ya serikali unaijua: shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 6,000 ndiyo inayofika shuleni, nyingine ya vitabu. Shule ya watoto 200 inabaki na laki moja kwa mwezi, humo humo chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika. Mzazi naye simlaumu, aliambiwa bure.

Vile vimemo vyote nilivikataa, nikajiona nimesimama imara. Alhamisi yule binti akaja mwenyewe. Alikuwa na mtoto mgongoni, viatu vimejaa tope. Chumba anachopanga kinavuja, zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mtoto alikuwa anakohoa mbele yangu. Hakuomba mjini. Aliomba mahali pakavu pa kulala. Nikaona aibu, maana miezi yote hii nilikuwa napigana na wakubwa wake wala sijawahi kumuuliza anaishije.

Nimemwomba avumilie mpaka mtihani wa Septemba upite, nikamwahidi nyumba. Fungu sina. Kijiji kimekubali kutoa mbao na mafundi, bati ndizo zinazokosekana. Jumamosi napanda huko na zile kumi nilizonunua kwa mshahara wangu.

Akiondoka baada ya Septemba, sitamzuia. Kwa hiyo ukisikia huko Rungwe kuna mwalimu wa hisabati anayetaka kubadilishana kituo, nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mimi, mwenzako wa chuoni