Bahari ndiyo iliyoacha mazoea, si sisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu ile habari yenu ya wakulima wa mwani "kutakiwa kuacha kulima kwa mazoea". Unaikumbuka, maana mliipa nusu ukurasa na picha juu yake. Mimi sijawahi kuliandikia gazeti tangu nizaliwe. Nimo baharini tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara huku kwetu Paje na jirani zetu wa Jambiani, mwaka 1989. Nimewasoma mkiandika mara tunaokoa uchumi, mara tumekata tamaa, mara tumewezeshwa, nikasema waache waandike, karatasi ni yao. Hii ya mazoea imenishinda kumeza.

Nimeisoma mara tatu kutafuta neno moja tu: joto. Halimo. Mmeandika mavuno yameshuka kwa kuwa wakulima hawafuati utaalamu na wameng'ang'ania maji mafupi. Mgeni wa heshima kasema, nanyi mkanukuu. Hakuna aliyemwuliza kama hayo maji mafupi yenyewe yamebaki vile vile.

Basi ngoja nikueleze hayo mazoea yalikuwaje. Tulikuwa na mwani wa aina mbili, mbegu zote asili yake Ufilipino. Kulikuwa na kotonii, mnene, wa matawi ya kujaa mkono, na kulikuwa na spinosamu, mwembamba wa miba miba. Kotonii ndio uliokuwa na bei, karibu mara mbili ya mwenziwe, maana utomvu wake ukishachujwa huko ng'ambo hugandisha vizuri zaidi, ndio unaoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu mnazokula huko mjini. Nyumba ninayoandikia barua hii imeezekwa bati kwa kotonii. Watoto wangu wanne wamevaa sare za skuli kwa kotonii. Wanaume walitucheka mwanzo, kwamba tunafunga majani kwenye kamba kama watoto wanaocheza, halafu wakawa wanakuja kutukopa.

Ilipofika kwenye mwaka 2001 na kuendelea, ukaanza kufa. Ncha zinageuka nyeupe kama mfupa, shina linalegea, linakatika pale pale ulipofunga, na ukishuka bamvua la pili, yale maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, unakuta taitai, zile kamba ndogo za kufungia mwani, zimefunga fundo tupu. Tulisema mbegu imezeeka. Tukaleta nyingine, ikafa. Wako waliosema ni husuda, wakasomesha, na mimi nilichangia sukari ya kisomo hicho, sifichi. Mwisho tukaambiwa na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, akina Dk. Flower Msuya, ambao wameuandama mwani huu miaka mingi kuliko mwandishi wenu alivyoishi duniani: kotonii haustahimili joto la maji likipanda kupita nyuzi 30 kwa muda. Unadhoofika, na ukishadhoofika vijidudu vinaingia, na majani mengine yanauparamia kama nywele. Leo kwenye shamba langu hamna hata shina moja la kotonii. Tumebaki na spinosamu, ambao kilo saba hata nane mbichi zikikauka zinakupa kilo moja, na kilo hiyo moja haininunulii kilo ya mchele. Na spinosamu nao umeanza.

Utaniambia maji mafupi siku zote hupata jua. Ni kweli, na sisi hatukuzaliwa jana. Upande huu wa mashariki maji ya bamvua hutoka kabisa kuanzia saa nne asubuhi hadi kwenye saa sita, jua likiwa utosini. Kaskazi ikiwa imelala, Februari na Machi, yale maji yanayobaki kwenye mabwawa mguu ukiuweka unautoa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata zamani. Lakini zamani maji yakirudi, yanarudi na ubaridi wa bahari kuu, mwani unavuta pumzi. Siku hizi yanarudi yana uvuguvugu. Hilo ndilo lililobadilika, na halikubadilishwa na mwanamke yeyote wa Paje. Wanasayansi wanasema zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na hewa chafu ya viwanda na magari ya dunia humezwa na bahari. Sisi hapa hatuna kiwanda hata cha barafu.

Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi. Mwaka 1998, ule mwaka wa El Niño, alirudi siku moja kutoka mwambani akakaa barazani hasemi. Nikamwuliza kama kakosa samaki. Akasema, "Mawe yote meupe, kama mtu kapaka chokaa." Yalikuwa matumbawe, yamepauka kwa joto, na mengi hayakuinuka tena. Hakuna aliyewaambia matumbawe waache mazoea. Aprili 2024 imetangazwa na wataalamu wa Marekani kwamba yanapauka tena dunia nzima, mara ya nne tangu waanze kuhesabu. Kijana wangu mdogo anapeleka wageni kuzamia, na alinieleza maneno yale yale ya baba yake, ila yeye alisema "kama dawa ya meno". Siku hizi hata chokaa watoto hawaijui.

Sasa nije kwenye semina, maana nashuku maneno yenu yalizaliwa huko. Mwaka juzi, mwezi wa Februari, tuliitwa mafunzo. Ya mradi gani, sitasema. Aliyechagua tarehe alitazama kalenda ya ukutani hakutazama mbinguni, maana siku ya kwanza mwezi ulikuwa umepevuka na maji yalikuwa yanatoka saa nne. Kila mwanamke mle ndani alikuwa na mwani uliotimia wiki sita, unangoja kuvunwa. Nilimfuata kijana mwenye orodha, nikamwambia, mwanangu, leo bamvua, turuhusu tukavune turudi mchana. Akanijibu, "Bibi, ukitoka huna posho." Nikakaa. Tulikaa siku tatu, wanawake thelathini na mmoja, kwenye ukumbi wenye baridi mpaka tukajifunika kanga mbili mbili, tukifundishwa kuongeza uzalishaji, wakati uzalishaji wenyewe uko majini unachemka. Siku ya pili mwezeshaji akauliza nani anaweza kueleza maana ya mabadiliko ya tabianchi. Jirani yangu, aliyeanza kufunga mwani kabla kijana yule hajazaliwa, akainua mkono. Akasema, "Ni maji kuwa moto mpaka mwani unafia kwenye kamba." Mwezeshaji akatabasamu kwa adabu, akageukia karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, akaandika kwa kalamu nyekundu: UELEWA MDOGO. Halafu akatueleza yeye. Alitumia picha ya dubu mweupe juu ya barafu. Nina umri wa kuwa na vitukuu, nimekuwa baharini miaka thelathini na zaidi, na siku ile nilisomeshwa bahari yangu kwa dubu. Siku ya nne nilishuka pwani saa sita na mapolo manne na kata yangu kichwani. Nilirudi na polo moja, halikujaa. Kamba nyingi zilikuwa na vishikizi vyeupe tu, ukivigusa vinayeyuka. Nilipiga hesabu ya posho, nikapiga na hesabu ya mwani, kisha nikaacha kupiga hesabu.

Hapo ndipo tulipoambiwa twende maji marefu. Nami sisemi uongo, maji marefu yanasaidia. Huko joto halipandi hivyo, na zile nyavu za mfano wa mpira mrefu wa maji zinazoshikilia mwani usikatike zimewahi kuotesha kotonii. Lakini maji marefu yanataka boti, yanataka petroli, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Sisi wengi hatujui. Tumezaliwa hatua hamsini kutoka baharini na hatujui, kwa sababu msichana kuogelea ilikuwa jambo la kusemwa. Tulifanyiwa jaribio: wanawake kumi na wawili, maboya ya kuvaa sita. Mwezeshaji alivaa moja. Boti yenyewe sasa iko chini ya mkungu karibu na skuli, mashine iliondoka na mradi, na kuku wa watu hutagia humo. Hata sijui kwa nini haikuingia kwenye habari yenu ya uchumi wa buluu, maana mayai nayo ni mazao.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, niseme na hili. Hayo maji mafupi tunayoambiwa tumeyang'ang'ania, tunagombania na watu wa vishada. Mgeni anakuja mbio na ubao wake mguuni, kishada juu, anapita katikati ya kamba, vijiti vinang'oka, anasema "sorry", anaondoka na taitai zangu kwenye kifundo cha mguu. Hoteli nazo zinasema mwani unanuka. Njia niliyoshukia pwani tangu nikiwa na miaka sita sasa ni ukuta, na ukuta wenyewe umejengwa kuzuia bahari inayokula mchanga wao, kwa hiyo bahari imehamia kula mchanga wa jirani. Sisi tunazunguka mbali na polo la mwani mbichi, maji ya chumvi yanatuchirizika mgongoni, na wageni wanatoka vibarazani kutupiga picha. Nilimwambia mmoja, lipa. Alicheka, akadhani namsalimia.

Ambayo inanirudisha kwenye picha yenu. Mliweka wanawake watatu wameinama, makalio kwa msomaji, chini mkaandika "Wakulima wa mwani wakiwa kazini". Majina hakuna. Mimi ni yule wa katikati. Nimejijua kwa kanga, na kanga hiyo niliitoa kwenye msiba wa wifi yangu mwaka 2003. Sasa tazama vizuri alichoshika yule wa kushoto, ambaye naye hayupo tena duniani, Mungu amrehemu. Ule ni kotonii. Mnene, unang'aa, umejaa mikono miwili. Yaani mmetuambia tumeshindwa kubadilika, na ushahidi mliouweka ni picha ya zao ambalo bahari imeshatunyang'anya zaidi ya miaka ishirini sasa. Hakuna mtu kwenye chumba chenu cha habari aliyejua tofauti. Ningekuwa mwezeshaji ningejua cha kuandika kwa kalamu nyekundu.

Mimi si mtu wa kulalamika bila kutoa njia, kwa hiyo pokea hizi. Nunueni vipimajoto vya maji. Si vya bei mbaya, nimeulizia. Kimoja kwa kila kituo cha mwani, kitundikwe karibu na mizani, tukipime wenyewe kila bamvua, saa nne na saa sita. Na ninyi muwe mnachapa namba zile ukurasa wa mbele, pale pale mnapochapa bei ya dola, ili mgeni wa heshima akitaka kusema neno mazoea awe ameshaziona. La pili, semina ijayo ifanyike majini. Maji ya kiunoni, mwezi wa Februari, saa tano, bila mwavuli, na posho ilipwe maji yakianza kujaa. Mwezeshaji aje na karatasi yake kubwa kama itasimama. Na la tatu, kijana aliyeandika ile habari namkaribisha kwangu. Mwezi ukiandama, kesho yake aje. Alale kwetu, atakula kisamvu na chochote kitakachopatikana, samaki simwahidi. Avae viatu vya mpira kwa sababu ya samaki taa, hulala mchangani hawaonekani. Nitampa kamba kumi afunge. Akimaliza tatu kabla ya maji kurudi nitamwita mtaalamu mbele za watu.

Na ile picha, Mhariri, kama bado mnayo kwenye makabati yenu, nakuomba unitolee nakala, hata ya kulipia, umpe kondakta wa gari ya Paje, aseme ni ya bibi wa mwani, watamwonyesha. Kotonii wote nilioulima, sina picha nyingine.

Mkulima wa mwani,
Paje, Unguja