Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: Walijua nini Julai 1905?

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Mliotoka Liwale usiku ili kuwahi mkutano huu, poleni na safari.

Habari za fedha atazisoma mweka hazina, na idadi ya wanachama iko kwenye karatasi ya katibu, kwa hiyo sitazirudia. Itoshe kusema kwamba wanaodaiwa ada wanajijua. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililotushughulisha sisi walimu wa Historia mwaka mzima: mtoto wa Kidato cha Kwanza na cha Pili tumfundisheje muktadha wa tukio la kihistoria, asiishie kukariri tukio lenyewe.

Lilianzia kwenye swali. Mwezi wa tatu, katika kipindi cha Vita vya Majimaji, vile vya 1905 dhidi ya Wajerumani, mwanafunzi alimuuliza mwenzetu mmoja: "Mwalimu, hivi babu zetu walikuwa wajinga kiasi gani hata waamini maji yatazuia risasi?" Darasa likaangua kicheko. Mwenzetu akajibu kwa orodha tunayoijua sote: kodi, kilimo cha pamba, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Mtoto akaandika yote, akapata alama zake kwenye jaribio, na akaondoka akiamini vilevile kwamba babu zake walikuwa wajinga. Tuliposimuliwa haya kwenye kikao nilikosa la kusema, maana mwaka wangu wa pili kazini mimi mwenyewe niliwahi kuliambia darasa kuwa ule ulikuwa ushirikina tu, tukafunga madaftari.

Sababu zilizokaririwa hazimfikishi mtoto Umatumbi, vita ilikoanzia. Anabaki pale pale alipokaa, akiwatazama watu wa 1905 huku tayari anajua vita iliishaje. Anajua kilichotokea Mahenge tarehe 30 Agosti, pale wapiganaji walipoikabili boma ya Mjerumani yenye bombomu (bunduki za rashasha) na kufyekwa. Wao, walipoing'oa miche ya pamba kule Nandete mwishoni mwa Julai, hawakuwa na habari hiyo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Ndipo baadhi yetu tukaanza kuchora mstari katikati ya ubao. Juu tunaandika "Julai 1905", kushoto "Walikuwa wanajua", kulia "Hawakuwa wanajua bado". Kila anachosema mwanafunzi lazima kipate upande wake, na akikiweka lazima aeleze kwa nini.

Upande wa kushoto hujaa haraka kuliko tulivyotarajia. Kodi ya kibanda ya rupia tatu ilikuwa imeanza kutozwa tangu 1898. Mashamba ya pamba ya pamoja yalianza 1902 chini ya Gavana von Götzen. Watu walitolewa kwenye mashamba yao wakalime la jumbe, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Halafu hufika jambo linalozima kicheko cha darasa. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na mahali penyewe watu wanapaita Mwembe Kinyonga hadi leo. Ni miaka kumi tu kabla ya Majimaji, na ni hapa hapa kwetu. Tena bunduki hazikuwa kitu kigeni, maana magobori yalishazunguka nchi hii kwa miaka mingi kwenye biashara ya pembe za ndovu. Kwa hiyo hawa watu waliijua risasi, na walikuwa wameshawaona wenzao wakifa kwa risasi.

Hapo mtoto hukwama, na ni vizuri akwame. Kama waliijua risasi, maji ya nini? Sasa ndio wakati wa kumpeleka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeigawa dawa hiyo. Ile dawa ya maji, mtama na mbarika ilitoka kwenye imani ambayo watu walikuwa nayo siku zote, ya kuomba mvua na kulinda mashamba. Kinjikitile aliitumia kubeba ujumbe mpya: kwamba Mmatumbi, Mngindo na Mpogoro ni watu wamoja mbele ya adui mmoja. Hata Wangoni waliingia, ambao huko nyuma walikuwa wakiwavamia Wangindo. Watu waliozoea kushambuliana usingewaunganisha kwa hotuba. Aliyekunywa maji alikuwa amekula kiapo. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita haijatimiza hata mwezi, na dawa ikaendelea kusambaa bila yeye.

Swali lililofuata, katika shule mbili tofauti, lilikuwa lile lile: mbona Wahehe hawakujiunga, walikuwa wasaliti? Tumewarudisha watoto kwenye ubao. Mkwawa, mtawala wao, alijiua Julai 1898 baada ya vita vya miaka saba. Wahehe wa 1905 walikuwa watu waliokwisha kupigana, waliozika, na wanaoishi jirani na boma ya Mjerumani. Msichana mmoja aliandika "wamechoka" upande wa kushoto. Sikuwahi kuliona neno hilo kwenye kitabu chochote cha kiada, na ningelimpa alama zote.

Februari tulikwenda Songea kwa kumbukumbu ya tarehe 27, siku waliponyongwa viongozi wa Kingoni mwaka 1906. Basi lilituharibikia kabla ya Tunduru, tukalala njiani, na wazazi kadhaa walinipigia simu kwa maneno ambayo sitayasoma hapa. Lakini tulipofika kwenye Makumbusho ya Majimaji na kaburi la halaiki, wanafunzi hawakuhitaji kuambiwa wanyamaze. Waliuliza juu ya Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ambaye kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani na hadi leo kinatafutwa. Waliuliza pia kwa nini Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja pale tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha, ilhali waliotenda wote wamekufa. Swali hilo bado tunalo.

Sasa nieleze mvutano, kwa kuwa nisipoueleza mtasema nimeficha. Kwenye mkutano wa katikati ya mwaka mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama akasema ubao huu utatupeleka pabaya. Kama kila mtu ana muktadha wake, basi na von Götzen anao. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitaka pamba isiyotegemea Marekani, koloni lilitakiwa lijilipie, naye alikuwa mtumishi tu. Tutamsamehe? Nilijibu vibaya siku ile, kwa hasira kidogo, na ninamwomba radhi mbele yenu.

Jibu ninalo sasa, na nimelipata kwenye ubao huo huo. Mweke ofisa wa Kijerumani kwenye safu mbili kama tulivyowaweka wanakijiji. Mmoja wao, Kapteni Wangenheim, aliandika wakati wa vita kwamba ni njaa tu itakayowatiisha watu. Basi vijiji vilichomwa, mazao na akiba za chakula vikateketezwa. Serikali yenyewe ya kikoloni ilikadiria waliokufa kuwa 75,000; wanahistoria waliokuja baadaye wametaja hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Swali la "alijua nini?" linamwondolea mkulima wa Nandete fedheha ya ujinga, na swali hilo hilo linamfunga ofisa, maana alijua na akaandika kwa mkono wake. Mzee wetu amenisikiliza, ingawa hajakubali.

Mtaala mpya, wenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, umetusaidia kuliko nilivyotegemea. Mtoto aliyekuwa akikariri orodha kwa lugha ya pili sasa anabishana. Lakini tunapata shida na vyanzo. Wengi wetu hatuna vitabu vya kutosha, na vilivyopo vinasimulia kwa sauti moja. Ndiyo maana nimependekeza tuanze kusoma darasani beti chache za utenzi wa vita hivi uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye hakuwaunga mkono wapiganaji. Mtoto aone kuwa hata Mswahili wa pwani, wakati ule ule, aliitazama vita kwa jicho lake. Wapo wanaohofia itawachanganya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Mimi nasema tujaribu na cha Pili kwanza, halafu tuone.

Kwa mwaka ujao, safari ni ya Kilwa Kivinje, siyo Songea. Ni karibu, na Mwembe Kinyonga ni huko huko. Michango ya wanafunzi imfikie katibu kabla ya mwisho wa Januari, na safari hii basi litakaguliwa na fundi siku moja kabla. Wenye mifano ya ubao kutoka madarasa yao waiache mezani pale mlangoni, nimeleta bahasha.