Beji ya mionzi ivaliwe ipasavyo

Mhariri,

Wahudumu wa vyumba vya eksirei Mombasa wavae beji ya kupimia mionzi kifuani, chini ya aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi. Beji ikiachwa chumbani mashine ikifanya kazi, itasajili dozi ambayo mwili haukupata. Ikisahauliwa kabatini, itaficha iliyopatikana.

Mionzi hukata DNA, molekuli ya nyuzi mbili inayobeba maelekezo ya seli. Uzi mmoja ukikatika, seli huurekebisha kwa urahisi. Zikikatika nyuzi zote mbili pamoja, seli yaweza kufa au kuziunga vibaya, na saratani yaweza kuzuka miaka mingi baadaye. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka katika miaka 5, bila kuzidi 50 mwaka wowote. Mgonjwa hana kikomo, hivyo daktari asiagize skani ya CT ya tumbo (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta), takriban milisiveti 8, ikiwa altrasaundi, isiyotumia mionzi hii, itatosha.

Wapiga eksirei,
Mombasa