Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: usaha wa jino unaposhuka hadi kifuani

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Mimi ni muuguzi wa zamu katika idara ya dharura ya hospitali ya wilaya. Nakuandikia kwa ajili ya wagonjwa wanaotufikia wakiwa wameinamia kikopo, mate yakiwachuruzika kwa kuwa hayamezeki, sauti imekwama, na shingo ni ngumu kama ubao. Ukiwauliza, wengi husimulia gego la chini lililouma, vidonge vya dukani vilivyotuliza maumivu kwa siku mbili, kisha uvimbe chini ya kidevu.

Maradhi haya yalielezwa tangu mwaka 1836 na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig. Mizizi ya magego ya nyuma hufika chini ya mahali unaposhikilia msuli wa sakafu ya kinywa, kwa hiyo usaha wake, badala ya kupasukia mdomoni, huingia shingoni, huusukuma ulimi juu na kuiziba njia ya hewa. Usipotolewa, huweza kushuka nyuma ya koromeo hadi katikati ya kifua, jirani na moyo, na hapo homa na maumivu ya kifua huweza kudhaniwa ni nimonia. Ndiyo maana kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili vipande kwa vipande, kisiishie shingoni.

Mwaka jana nilisaidia kumlaza chali kijana mmoja kwenye gari la wagonjwa, kama tulivyozoea. Alinishika mkono akajiinua mara mbili, nami nikadhani ni woga, hadi niliposikia pumzi yake ikipiga mluzi. Tulimketisha, akafika salama. Sijaacha kumfikiria.

Naomba waraka utakaofika hadi zahanati: shingo iliyovimba pamoja na taya lililokaza au mate yasiyomezeka ipewe rufaa saa ile ile, mgonjwa akiwa ameketi, dozi ya kwanza ya antibayotiki ya mshipani imekwisha kutolewa na sukari imepimwa, kwani wenye kisukari huzidiwa haraka. Hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla, ili mtaalamu wa dawa za usingizi na daktari wa upasuaji wawe tayari, maana usaha uliokwisha kujikusanya hauondoki kwa dawa peke yake. Ni lazima utolewe, na jino lililouanzisha ling'olewe.

Naomba pia muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kumpokea mgonjwa huyu, aruhusiwe kupiga simu hiyo mwenyewe pasipo kusubiri saini ya daktari.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa idara ya dharura