Kupima presha Jumapili hii

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Jumapili tunapima presha ukumbi wa vijana, ibada ya kwanza ikitoka tu. Wanaopanga viti wawahi tafadhali, maana mtu akipimwa ametoka kupanda ngazi, namba inadanganya. Akae kwanza dakika 5, mgongo ameegemea, miguu iguse chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na asiongee! (Akina mama wa kwaya, nawajua.) Chai itolewe baada ya kupima, si kabla.

Mwenye 140/90 au zaidi tunarudia kipimo, ikibaki hivyo tunamwandikia kikaratasi aende zahanati. Ikifika 180/120, hasa kama kichwa kinauma sana au kifua kinabana, hakuna kusubiri matangazo, ni hospitali moja kwa moja.

Kuna jambo linanikera: wapo wanaoacha dawa wakishaombewa. Tuombe nao, tuwashike mkono, ila hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kumwambia mtu aache dawa. Mchungaji Granger Westberg, Mlutheri aliyeanzisha uuguzi wa usharika kule Illinois, Marekani, miaka ya 1980, aliweka wauguzi waliosomea kazi yao ndani ya makanisa ili sala na tiba viende pamoja.

Majibu ya mtu hayaletwi humu kwenye grupu, hata kwa kisingizio cha maombi. Mwenye betri za mashine ya kupimia anifuate inboksi leo.